Njia ni ya Mkimbiaji: Mwamuzi wa Softiboli Mbele ya Uzuiaji na Mguso wa Uongo

Msikilizaji, usiku wa tarehe 26 Oktoba 2013, katika jiji la St. Louis nchini Marekani, mchezo wa tatu wa World Series, fainali kuu ya besiboli ya kulipwa, ulimalizika kwa namna ambayo fainali hiyo haikuwahi kumalizika kabla. Ilikuwa zamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, matokeo yakiwa 4 kwa 4. Wenyeji, St. Louis Cardinals, walikuwa na wakimbiaji wawili kiwanjani: Yadier Molina kwenye besi ya tatu na Allen Craig kwenye besi ya pili. Jon Jay akapiga mpira wa chini chini. Dustin Pedroia wa Boston Red Sox akajirusha, akaunasa, akaupeleka nyumbani, yaani kwenye besi ya nne na ya mwisho, na Molina akatolewa. Mdakaji wa Boston, Jarrod Saltalamacchia, akataka na wa pili. Akautupa mpira besi ya tatu ili amkamate Craig. Mpira ukaenda pembeni, ukampita mlinzi Will Middlebrooks aliyekuwa amejitupa kuufuata, ukapotelea nyuma ya kiwanja.

Craig akainuka, akageuka kuelekea nyumbani. Kabla hajakolea mbio akajikwaa kwenye mwili wa Middlebrooks, aliyekuwa bado amelala kifudifudi, akaanguka. Akanyanyuka tena, akakimbia akichechemea. Daniel Nava wa Boston akaurudisha mpira kutoka nyuma, na Saltalamacchia akamgusa Craig kwenye besi ya nyumbani. Kwa macho ya wengi uwanjani, huyo ametolewa. Lakini mwamuzi wa besi ya tatu, Jim Joyce, alikuwa ameshaashiria uzuiaji, yaani mkimbiaji kukwamishwa njiani, na mwamuzi wa nyumbani, Dana DeMuth, akatandaza mikono: salama. Cardinals 5, Red Sox 4.

Watu wa Boston walilalamika, na lalamiko lao lilikuwa la kibinadamu. Middlebrooks angekwenda wapi? Alijirusha kuufuata mpira kama mlinzi yeyote mwenye bidii, na hakukusudia kumwangusha mtu. Waamuzi wakajibu kwamba kanuni haiulizi nia. Kitabu cha kanuni za besiboli kilikuwa na mfano unaokaribiana mno na tukio hilo: mlinzi akijirusha kuufuata mpira, mpira ukampita, naye akaendelea kulala chini akamchelewesha mkimbiaji, huenda kabisa amefanya uzuiaji. Mpira ukishampita, haki yake ya kuikalia njia imekwisha. Boston walishinda fainali ile mwishowe, michezo 4 kwa 2, lakini mchezo ule wa tatu ulibaki ulivyoamuliwa.

Mazungumzo ya leo yanahusu kanuni hiyo, si katika besiboli bali kwa dada yake, softiboli, ambako imekuzwa na kutiwa makali zaidi. Softiboli imekwenda mahali ambapo besiboli ya kulipwa haijafika: inamkataza mlinzi kumdanganya mkimbiaji kwa kujifanya anamgusa na mpira ambao hanao. Hila hiyo hapa tutaiita mguso wa uongo.

Kwanza, kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe. Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya jengo la klabu ya mashua iliyoitwa Farragut, pale kijana mmoja, George Hancock, alipoifunga kamba glavu ya ngumi ikawa mpira na fimbo ikawa gongo. Leo ni mchezo wa kimataifa unaochezwa hasa na wanawake. Mrushaji hurusha kwa mkono kutoka chini, akiwa umbali wa futi 43, yaani mita 13 na ushei. Mpigaji akiupiga, hukimbia kuzunguka besi nne, na kati ya besi na besi kuna futi 60, sawa na mita 18 na robo hivi. Anayefika nyumbani ameipatia timu yake alama. Walinzi nao hutaka kumtoa njiani, ama kwa kumgusa na mpira, ama kwa kuufikisha mpira kwenye besi kabla yake pale anapolazimika kwenda. Waliosoma shule za msingi nchini Kenya na kucheza raunda wameshalielewa umbo la mchezo.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini kanuni hii ina uzito. Mkimbiaji mwenye kasi huzimaliza futi hizo 60 kwa takriban sekunde tatu, yaani hukata mita 6 kila sekunde. Mlinzi akisimama njiani na kumfanya apunguze mwendo kwa nusu sekunde tu, amempokonya mita 3. Kwenye softiboli, mtu hutolewa au kusalimika kwa urefu wa mkono. Mita 3 ni alama, na mara nyingi ni mchezo mzima.

Basi kanuni inasemaje? Uzuiaji ni kitendo cha mchezaji wa timu inayolinda kumkwamisha mkimbiaji anayekimbia kihalali, ilhali mlinzi huyo hana mpira mkononi wala hayumo katika kuucheza mpira uliopigwa. Ni sentensi moja, nayo ina milango miwili tu ya kutokea. Mlinzi mwenye mpira anaruhusiwa kukaa njiani. Mlinzi anayeuendea mpira uliotoka kwenye gongo naye anaruhusiwa, tena hapo mkimbiaji ndiye anayepaswa kumkwepa. Akimgonga, kosa linageuka kuwa la mkimbiaji, linaitwa uingiliaji, na anayetolewa ni yeye. Nje ya milango hiyo, njia ni ya mkimbiaji.

Zamani kulikuwa na mlango wa tatu. Mlinzi aliyekuwa karibu kuupokea mpira uliorushwa alihesabiwa kama aliye nao. Mlango huo ndio uliozaa ugomvi usiokwisha kwenye besi ya nyumbani, maana "karibu" ya kocha wa timu moja haikuwa "karibu" ya kocha wa timu ya pili. Mdakaji angeweza kuweka goti mbele ya besi huku mpira ukiwa bado angani, na mwamuzi akabaki kukisia ni mita ngapi zimebaki. Mwaka 2004 chama cha softiboli cha Marekani, wakati huo kikiitwa Amateur Softball Association na leo USA Softball, kiliyaondoa maneno hayo. Tangu hapo swali la mwamuzi likawa fupi: anao au hana?

Walinzi wengi hawakuyapenda mabadiliko hayo, na hadi leo wapo makocha wanaofundisha kwa kanuni ya zamani. Hoja yao ni kwamba mdakaji lazima asimame mahali ili aupokee mpira. Ni kweli, lazima asimame, ila kiwanja ni kikubwa. Anaweza kusimama mbele ya besi au pembeni mwa mstari, akaupokea mpira, kisha akaingia njiani akiwa nao. Anachokatazwa ni kuufunga mlango kabla hajashika ufunguo.

Hapa makocha wengi huchanganyikiwa kwa upande mwingine. Huona mlinzi amesimama kwenye mstari bila mpira, wakapiga kelele papo hapo: "Uzuiaji, mwamuzi!" Lakini mlinzi kusimama mahali pabaya, peke yake, si kosa. Ikiwa mkimbiaji yuko mbali mita 15, mwendo wake haujaguswa, na mpira ukatua kwenye glavu kabla hajakaribia, hakuna lililotokea. Lazima mkimbiaji awe amekwamishwa kweli: amepunguza mwendo, amezunguka mbali, ameruka, amesita, au amegongana na mtu. Kugongana si sharti. Mkimbiaji anayepinda hatua mbili ili asimvae mlinzi amezuiwa sawasawa na yule aliyeangushwa.

Uzuiaji ukitokea, mwamuzi hufanyaje? Jibu linawashangaza wageni wa mchezo: hausimamishi mchezo. Hunyoosha mkono wa kushoto ubavuni, usawa wa bega, ngumi imefungwa, na kuacha mpira uendelee. Wapenzi wa soka wanaijua busara hii. Refa anapoona faulo, lakini timu iliyochezewa vibaya ingali na mpira na lango liko wazi, hunyoosha mikono mbele na kusema endelea. Kwenye softiboli ni hivyo hivyo. Mwamuzi akisimamisha kila kitu mara tu mkimbiaji aliposukumwa, huenda akamnyima aliyekosewa besi mbili ambazo angezipata mwenyewe, na akamwokoa mkosaji kutokana na kosa lake.

Mkono wa kushoto ukishanyooka, mambo mawili huanza kwenda pamoja. La kwanza ni ulinzi wa kisheria. Mkimbiaji aliyezuiwa hawezi kutolewa kati ya besi mbili ambazo uzuiaji ulitokea, isipokuwa ametenda kosa lake mwenyewe, kwa mfano kumpita mkimbiaji mwenzake, kuruka besi bila kuikanyaga, au kumwingilia mlinzi. La pili linatendeka kichwani mwa mwamuzi. Papo hapo anatakiwa aamue: kama huyu asingezuiwa, angefika wapi? Si besi anayoitamani kocha, wala si besi ambayo mkimbiaji atajaribu kuifikia baada ya kupandwa na hasira. Ni ile ambayo, kwa mwendo aliokuwa nao, kwa mahali mpira ulipokuwa na kwa mikono ya walinzi waliokuwa wakiuendea, angeifikia.

Tuchukue mfano. Mpigaji ameupeleka mpira kulia, kati ya walinzi wawili wa nyuma. Mlinzi wa besi ya kwanza amesimama kwenye kona ya ndani ya besi, anautazama mpira uendako, kama watazamaji. Mkimbiaji anakuja na kasi yake, analazimika kumzunguka kwa nje, anapoteza hatua tatu. Mwamuzi ananyoosha mkono. Akilini anasema: huyu alikuwa wa besi ya pili. Mkimbiaji anaendelea, na kwenye besi ya pili mpira unafika kabla yake kwa kitambo kidogo sana, anaguswa. Mwamuzi hutangaza kwamba mpira umekufa, yaani mchezo umesimama, hueleza kwamba kulikuwa na uzuiaji, na kumpa mkimbiaji besi ya pili. Wakimbiaji wengine walioathiriwa nao hupewa besi ambazo wangezifikia.

Sasa tubadilishe kidogo. Kosa ni lile lile, na hesabu ya mwamuzi ni ile ile ya besi ya pili. Mkimbiaji amefika ya pili salama, ameuona mpira ukisuasua nyuma, akajaribu bahati yake kwenda ya tatu. Akaguswa mita mbili kabla. Huyu ametolewa. Ulinzi wake ulikuwa kati ya ya kwanza na ya pili, na malipo yake yalikuwa besi ya pili, ambayo amekwisha kuipata. Alipotoka hapo alikwenda kwa hatari yake mwenyewe. Makocha wengi hupaza sauti kwa wakati huu, wakidai kwamba mkono wa mwamuzi uliokuwa juu ulikuwa kinga ya safari nzima. Haukuwa hivyo. Mkono huo unasema kwamba kuna deni, na deni lina kiasi chake.

Kosa jingine la tafsiri linatoka kwenye besiboli. Katika besiboli ya shule za sekondari za Marekani, mkimbiaji aliyezuiwa hupewa angalau besi moja mbele ya pale alipokuwa. Mtu anayechezesha au kufundisha michezo yote miwili hubeba kanuni hiyo bila kujua na kuipeleka kwenye softiboli, ambako haipo. Mkimbiaji wa softiboli anayezuiwa wakati akirudi kwenye besi ya kwanza, ambaye asingeweza kufika popote zaidi ya hapo, hupewa besi ya kwanza. Hapewi ya pili kama zawadi. Jambo hili lina uzito hata katika rufaa: hukumu ya mwamuzi kuhusu mkimbiaji angefika wapi haikatiwi rufaa, lakini kutumia kanuni isiyokuwepo kunaweza kukatiwa. Mwamuzi anayeulizwa na kocha afadhali aseme, "Kwa uamuzi wangu angefika ya pili," kuliko kusema, "Uzuiaji ni besi moja." Sentensi ya kwanza inasimama, ya pili inaweza kuurudisha mchezo nyuma.

Haya yote yanadai kitu kimoja kigumu kutoka kwa mwamuzi: asitazame mpira pale ambapo kila mtu anautazama. Mpira ukiruka kuelekea nyuma ya kiwanja, shingo za watu wote huufuata. Uzuiaji hutokea nyuma ya shingo hizo. Michezo mingi ya softiboli huchezeshwa na waamuzi wawili, mmoja nyuma ya mdakaji na mmoja kwenye besi. Yule wa besi hukimbilia ndani ya kiwanja, akageuka, akamtazama mkimbiaji anavyoikanyaga besi ya kwanza na nani amesimama hapo, akautupia mpira jicho la haraka, kisha akarudi kwa mkimbiaji. Asipomwona mkimbiaji akipinda hatua, hawezi kuubuni uzuiaji baadaye kwa sababu benchi limepiga kelele.

Sasa tuje kwenye mguso wa uongo.

Hebu msikilizaji aione picha. Mkimbiaji yuko besi ya kwanza. Mrushaji anapoachia mpira, yeye anachomoka kwenda kuiba besi ya pili. Mdakaji anautupa mpira kwa haraka, unapaa juu ya kila mtu, unakwenda nyuma. Mkimbiaji hajui. Yeye amekaza macho kwenye besi iliyo mbele yake, na mbele ya besi hiyo amesimama mlinzi. Mlinzi huyo, akijua mpira umeshapotea, anapiga magoti, anashusha glavu hadi chini na kuifagia kama anayemgusa mtu. Mkimbiaji anajitupa na kuserereka kwenye vumbi. Anapoinua kichwa anauona mpira uko mbali, lakini amelala chini. Besi ya tatu, ambayo ilikuwa wazi, imeondoka.

Katika besiboli ya kulipwa hila ya namna hiyo imehesabiwa kuwa ujanja. Mfano maarufu zaidi wa kumpumbaza mkimbiaji ni wa tarehe 27 Oktoba 1991, mchezo wa saba wa World Series huko Minneapolis, kati ya Minnesota Twins na Atlanta Braves. Zamu ya nane, hakuna aliyepata alama. Lonnie Smith wa Atlanta alikuwa besi ya kwanza, akatoka mbio wakati Terry Pendleton anapiga mpira mrefu nyuma, upande wa kushoto katikati. Chuck Knoblauch, mlinzi wa besi ya pili wa Minnesota, akajifanya anaokota mpira wa chini na kumtupia mwenzake Greg Gagne. Smith, ambaye hakuuona mpira ulikoelekea, akasita kwenye besi ya pili. Aliishia ya tatu badala ya kufika nyumbani, na Atlanta hawakufunga zamu ile. Minnesota walishinda 1 kwa 0 katika zamu ya kumi na kutwaa ubingwa.

Kitendo cha Knoblauch hakikuwa mguso wa uongo hasa. Alijifanya anacheza mpira, hakujifanya anamgusa mtu. Tofauti hiyo mwamuzi wa softiboli anapaswa kuishika. Mlinzi anayejifanya anaungoja mpira amefanya hila ya macho. Mlinzi anayeshusha glavu kumfagia mkimbiaji amemfanya mtu ajitupe chini. Kanuni za softiboli zinaulenga huu wa pili moja kwa moja, na kuuita aina ya uzuiaji: mlinzi ambaye hana mpira, wala hayuko karibu kuupokea, anafanya ishara ya kugusa inayokwamisha mwendo wa mkimbiaji, awe anakwenda mbele au anarudi.

Maelezo ya kanuni yana nyongeza ambayo waamuzi wachanga huisahau. Si lazima mkimbiaji aserereke. Si lazima asimame. Kupunguza mwendo tu kunatosha. Mwamuzi anayengoja mtu alale chini ndipo anyooshe mkono amekwisha kuiacha nusu ya dhuluma ipite, kwa sababu wakimbiaji wazoefu hawalali. Husita kwa hatua moja, na hatua hiyo moja ndiyo iliyokuwa inatafutwa.

Adhabu yake inaanza kama ya uzuiaji wowote: mkono wa kushoto, mchezo unaendelea, kisha mkimbiaji hupewa besi ambayo angeifikia. Kwa mkimbiaji wetu aliyeserereka besi ya pili huku mpira uko nyuma, mwamuzi anaweza kumpa ya tatu, ikiwa ana hakika kwamba angefika. Lakini kanuni haziishii hapo. Katika mchezo wa USA Softball, anayeendelea kurudia mguso wa uongo anastahili kutolewa mchezoni, na pale hila hiyo inapomuumiza aliyeserereka, mkosaji anaweza kutolewa bila onyo. Kanuni za shule za sekondari za Marekani nazo hutanguliza onyo kwa timu na kuongeza ukali kwa anayerudia.

Kwa nini ukali wote huu kwa kitendo kisichomgusa mtu? Kwa sababu ya kifundo cha mguu. Kuserereka kwa usalama ni kitendo kinachopangwa: mkimbiaji huchagua mahali pa kuanza, hukunja mguu mmoja, huinua mikono, na kuuachia mwili uende. Anayeshtushwa na glavu mita moja kabla ya besi hana nafasi ya kupanga. Anakita mguu ardhini ukiwa umenyooka, au anaangukia besi iliyofungwa chini kwa chuma, na uzito wote wa mwili unaishia kwenye kiungo kimoja.

Hatari ya kuserereka inajulikana kwa takwimu. Mwaka 1988, daktari David Janda na wenzake wa Michigan walichapisha utafiti uliolinganisha viwanja vya softiboli ya burudani vyenye besi za kawaida zisizotikisika na vile vyenye besi zinazoachia zikigongwa. Michezo ya pande zote mbili ilikuwa na idadi inayokaribiana. Kwenye besi za kawaida walihesabu majeruhi 45 wa kuserereka. Kwenye besi zinazoachia, 2. Ikiwa besi yenyewe inaweza kuvunja mguu wa mtu aliyeserereka kwa hiari yake, basi anayemlazimisha mwenzake aserereke kwa uongo anajua anachokichezea.

Softiboli imejengwa kwa fikra hiyo sehemu nyingi. Besi ya kwanza ina sura mbili, nyeupe kwa mlinzi na ya rangi ya machungwa kwa mpigaji anayekimbia, ili wasikanyagane. Hata njia ya mkimbiaji ina mipaka yake: akimkuta mlinzi amesimama na mpira mkononi, haruhusiwi kumvaa kama ukuta wa kubomolewa. Akifanya hivyo ametolewa, na akifanya kwa ukatili anaondolewa mchezoni, hata kama dakika moja kabla yeye ndiye aliyekuwa amezuiwa. Haki ya njia haijawahi kuwa ruhusa ya kuumiza.

Besiboli ya kulipwa ilifika kwenye somo hilo baadaye, na kwa gharama. Tarehe 25 Mei 2011 mdakaji wa San Francisco, Buster Posey, aligongwa kwenye besi ya nyumbani na Scott Cousins wa Florida Marlins, akavunjika mguu na kukosa msimu wote uliobaki. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2014, ligi kuu ikaweka kanuni ya kuzuia kugongana nyumbani: mkimbiaji asiache njia yake kumfuata mdakaji, na mdakaji asizibe njia kabla hajapata mpira.

Wapo wanaosema kanuni hizi zinampa mwamuzi mamlaka makubwa mno, maana anaamua jambo ambalo halikutokea. Angefika? Asingefika? Hoja hii ina nguvu yake, na haifai kupuuzwa. Lakini mbadala wake ni nini? Ukisema mkimbiaji apewe besi moja kila mara, utamlipa kupita kiasi aliyekuwa hana pa kwenda, na utamdhulumu aliyekuwa na njia ya wazi hadi nyumbani. Ukisema asipewe kitu mpaka mlinzi akusudie, utamwachia mwamuzi kazi ya kuusoma moyo wa mtu, ambayo ni ngumu kuliko kuisoma miguu. Hukumu ya mahali mkimbiaji angefika ina vitu vya kuonekana: mwendo, umbali, mpira, mikono ya walinzi. Mwamuzi aliyekuwa akitazama panapostahili ana ushahidi wake.

Inabaki kwamba mwamuzi lazima awe na moyo wa kuamua mapema. Jim Joyce, yule wa St. Louis, alikuwa amepitia Juni 2010 jambo ambalo lingemvunja mwingine: alikosea katika uamuzi wa mwisho huko Detroit, akamkosesha mrushaji Armando Galarraga mchezo kamili, yaani mchezo ambao hakuna mpigaji hata mmoja wa wapinzani anayefika besi, na nchi nzima ikamjua kwa kosa hilo. Miaka mitatu baadaye, mbele ya macho ya dunia, aliona uzuiaji katika dakika ya mwisho ya mchezo wa fainali na akauashiria hapo hapo. Mwamuzi anayeogopa dakika ya mwisho hunyoosha mkono dakika ya kwanza tu, na hapo kanuni inakuwa mbili.

Mchezo huu haukomei Marekani. Japani iliishinda Marekani katika fainali ya softiboli ya Olimpiki mwaka 2008 na tena mwaka 2021, kwenye michezo ya Tokyo, 2 kwa 0. Softiboli inarudi katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028, na mechi zake zimepangwa kuchezwa Oklahoma City. Afrika Mashariki nayo haiko nje: Tanzania ina chama chake cha besiboli na softiboli, na Kenya na Uganda zina wachezaji wake. Mchezo unaoanza mahali una bahati moja kubwa, nayo ni kuanza na tabia njema kabla zile mbaya hazijaota mizizi.

Kwa hiyo neno la mwisho ni kwa makocha na walimu wa michezo. Mfundisheni msichana wa besi ya pili ashushe glavu chini pale tu mpira umo ndani yake, na mfundisheni mdakaji asimame pembeni mpaka aupate. Na kwa waamuzi: mguso wa uongo wa kwanza uashirieni mara tu unapotokea, katika zamu ya kwanza kama katika ya saba, iliyo ya mwisho, hata kama mkimbiaji amefika salama na hakuna aliyelalamika. Timu ikilipishwa kwa ule wa kwanza, wa pili hautakuwepo, na hakuna msichana atakayebebwa kutoka kiwanjani kwa ajili ya mpira ambao haukuwepo.